Kutamka Kigiriki cha Kale kwa Ulimi wa Kiswahili: Mwongozo Kamili

Vitabu vingi vya Kigiriki cha kale vinavyotufikia viliandikwa kwa ajili ya Waingereza na Wamarekani. Kurasa za mwanzo tu unaambiwa uitamke alfa kama irabu ya neno fulani la Kiingereza, na omikroni kama ya neno jingine. Mswahili anayefuata maelekezo hayo anajitwika mzigo wa bure: kwanza aige lafudhi ya London, kisha kutoka London ndipo aitafute Athens. Irabu za Kiingereza ni nyingi na zinayumba. Za Kigiriki cha kale zilitulia mahali pamoja, kama zetu. Anzia nyumbani. Sauti nyingi unazozihitaji unazo mdomoni tangu utotoni, na zile chache zitakazokusumbua si zile zinazomsumbua Mwingereza. Ndiyo maana kitabu chake hakikuonyi.

Katika mwongozo huu irabu ndefu nitaiandika mara mbili (aa, ee). Alama ' baada ya p, t au k inaonyesha kwamba sauti inatoka na pumzi. Silabi inayopanda juu kwa sauti nitaiandika kwa herufi kubwa.

Hatua ya 1: Amua unasoma Kigiriki cha nani

Kigiriki kimesemwa bila kukatika kwa zaidi ya miaka 3,000, na matamshi yake yamebadilika sana. Leo kuna njia tatu kubwa za kukisoma.

Ya kwanza ni kusoma maandishi ya kale kwa matamshi ya Wagiriki wa leo, kama linavyofanya Kanisa la Kiorthodoksi, pamoja na parokia zake za Kenya, Uganda na Tanzania. Ya pili inaitwa ya Erasmus, mwanazuoni wa Uholanzi aliyeandika mwaka 1528 kwamba matamshi ya zama zake hayawezi kuwa yale ya kale. Hii ndiyo inayofundishwa katika vyuo vingi vya theolojia. Ya tatu ni matamshi yaliyojengwa upya na wanaisimu kwa ushahidi: jinsi Mgiriki asiyesoma sana alivyokosea tahajia, jinsi Warumi walivyoandika majina ya Kigiriki, jinsi maneno yalivyobadilika yalipounganishwa.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa kondoo. Kratinos, mtunzi wa vichekesho wa Athens karne ya 5 KK, alimwandika mpumbavu anayetembea huku akisema βῆ βῆ kama kondoo. Kwa matamshi ya kisasa maneno hayo yanasomwa "vi vi", na hakuna kondoo anayelia hivyo. Kwa matamshi ya kale ni "bee bee", irabu wazi na ndefu. Herufi mbili, β na η, zimeshuhudiwa na mnyama ambaye hajabadilisha lugha.

Ushauri wangu: ukitaka kusoma Homer, Plato au Xenophon, jifunze matamshi yaliyojengwa upya ya Athens ya karne ya 5 na ya 4 KK. Ndiyo yanayofuatwa hapa chini. Ukiwa seminarini na mwalimu wako anatumia njia ya Erasmus, karibu kila kitu hapa kitakufaa, isipokuwa kupanda na kushuka kwa sauti: hapo wao huweka mkazo wa kawaida. Ukiimba liturujia ya Kiorthodoksi, fuata matamshi ya kanisa lako. Ni urithi halisi wa lugha hiyohiyo.

Hatua ya 2: Zifahamu herufi 24 kwa mkono

Andika alfabeti yote kwa kalamu, siyo kwa simu, hadi mkono uizoee: Α α, Β β, Γ γ, Δ δ, Ε ε, Ζ ζ, Η η, Θ θ, Ι ι, Κ κ, Λ λ, Μ μ, Ν ν, Ξ ξ, Ο ο, Π π, Ρ ρ, Σ σ, Τ τ, Υ υ, Φ φ, Χ χ, Ψ ψ, Ω ω. Sigma ikiwa mwisho wa neno huandikwa ς.

Jihadhari na herufi zinazofanana na zetu kwa sura tu. Η ni e ndefu, siyo h. Ρ ni r. Χ ni k yenye pumzi. Herufi ndogo ν ni n, ingawa jicho linaona v. Hizi nne ndizo zinazokwamisha wengi wiki ya kwanza. Ziandike pekee kwenye kikaratasi na uzirudie.

Hatua ya 3: Irabu, na urefu wake

Kuna herufi saba za irabu. α ni a yetu, ι ni i yetu, nazo huweza kuwa fupi au ndefu. ε na ο ni e na o fupi daima. η na ω ni ndefu daima, na mdomo unafunguka zaidi: ee ya "mzee" na oo ya "choo", ukizivuta. Hapo hakuna kazi mpya.

Kazi ipo kwenye urefu. Kiswahili kinatofautisha "kata" na "kataa", "kufa" na "kufaa", kwa hiyo sikio lako linaujua urefu. Lakini sisi irabu mbili zikifuatana tunazihesabu silabi mbili, na mkazo wetu unaangukia hapohapo. Katika Kigiriki irabu ndefu ni silabi moja iliyovutwa, na inaweza kuwa popote katika neno, hata mahali pasipo na kiimbo cha juu. Zoezi zuri ni καλός na καλῶς. La kwanza ni "mzuri", ka-LOS. La pili ni "vizuri", ka-LOOS. Ukizisoma sawa, umefuta tofauti ya kisarufi.

Kisha kuna ει na ου. Zinaandikwa kwa herufi mbili lakini katika Athens ya karne ya 4 KK zilikuwa sauti moja ndefu. ου ni uu, basi: πλοῦτος, "utajiri", ni PLUU-tos. ει ni ee iliyobana, ulimi ukiwa juu zaidi kuliko kwenye η, karibu na i lakini bila kuifikia. Anayesema Gĩkũyũ anayo tayari: ĩ yake, ikivutwa, ndiyo ει, na e yake ikivutwa ndiyo η. Wasemaji wa Kilingala pia wana e mbili za namna hiyo. Jipime kwa εἰρήνη, "amani": ee-REE-nee, ambapo ee ya kwanza imebana na mbili za mwisho ziko wazi.

Irabu pekee ambayo ni ngeni kabisa ni υ. Sema "i", ushikilie sauti, kisha viringa midomo kana kwamba unasema "u" bila kuusogeza ulimi. Wasomaji wa Kongo, Burundi na Rwanda waliosoma Kifaransa wanaijua. Ni u ya Kifaransa. Nitaiandika ü. Jaribu κύκλος, "duara": KÜ-klos. Ulimi ukirudi nyuma inakuwa u. Midomo ikilegea inakuwa i. Tumia kioo kwa siku chache.

Hatua ya 4: Irabu pacha ziwe silabi moja

αι, οι, αυ, ευ na υι husomwa kwa kuteleza kutoka irabu moja hadi nyingine ndani ya silabi moja. Hapa ndipo Kiswahili kinapotuponza. "Shairi" kwetu ni sha-i-ri, silabi tatu. Kwa mazoea hayo neno καί, "na", tunalitamka ka-i. Linatakiwa kuwa pigo moja. Piga meza mara moja kwa kila silabi: καί, pigo moja, οἶκος, "nyumba", OI-kos, mapigo mawili, Ζεύς, pigo moja.

Ukiona nukta mbili juu ya irabu, kama ϊ, basi hapo irabu zinatengana kama zetu. Ukiona kijistari kidogo cha iota chini ya ᾳ, ῃ au ῳ, ni i iliyokuwa ikisikika nyepesi baada ya irabu ndefu. Wasomaji wengi siku hizi hawaitamki, na mwanzoni si vibaya ukaiacha.

Hatua ya 5: Konsonanti za kawaida

κ, λ, μ, ν, π, σ na τ hazihitaji maelezo marefu. π, τ na κ zitoke kavu, bila pumzi. ξ ni ks, kama ndani ya "teksi". ψ ni ps. ρ ni r ya kutetemesha ulimi, na mwanzoni mwa neno huandikwa ῥ na kutoka na pumzi. Anayechanganya l na r ajizoeze kwa ἅλμα na ἅρμα: HAL-ma ni "mruko", HAR-ma ni "gari la farasi la vita".

β, δ na γ zinahitaji uangalifu ambao hakuna kitabu cha Kiingereza kitakachokueleza. Weka kidole kwenye koromeo useme "baba". Utahisi koromeo likishuka kidogo, kana kwamba hewa inavutwa ndani. Sasa sema "mbuzi". Koromeo linatulia. b, d na g za Kiswahili zikisimama peke yake huwa za kuvuta ndani, lakini baada ya m au n huwa za kawaida. Kigiriki kilitumia hizi za kawaida. Kwa hiyo β ni b ya "mbuzi", δ ni d ya "ndizi", γ ni g ya "ngoma", ukiondoa m au n iliyotangulia.

Na tukiwa kwenye "ngoma": γ ikitangulia γ, κ, χ au ξ inakuwa king'ong'o. ἄγγελος, "mjumbe", ina ng ileile ya "ngoma", na ἄγκυρα, "nanga", ina ng' kisha k. Mwingereza hutengewa aya nzima kwa jambo hili, wewe umeshalimaliza.

ζ ilikuwa zd. Wagiriki walipotaka kusema "kuelekea Athens" waliunganisha Ἀθήνας na -δε, wakaandika Ἀθήναζε. Basi Ζεύς ni zdeus. Madarasa mengi husema dz au z. Ukienda huko hutaeleweka vibaya. Kumbuka pia kwamba σ mbele ya β, γ, δ au μ inakuwa z: κόσμος ni KOZ-mos.

Hatua ya 6: φ, θ, χ

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo muda mrefu. Mswahili akiona θ anasema th ya "thelathini", φ anasema f, χ anasema kh ya "kheri". Hayo ni matamshi sahihi ya Wagiriki wa leo, na tunayo yote kwa sababu ya maneno yetu yenye asili ya Kiarabu. Kwa hakika mtu wa pwani anaweza kutamka Kigiriki cha kisasa, pamoja na δ yake ya dh na γ yake ya gh, bila kujifunza konsonanti nyingi mpya. Lakini Plato hakusema hivyo. Kwake zilikuwa p, t na k zinazofuatwa na pumzi.

Ushahidi ni mwingi. Ἐπί ikikutana na ἡμέρα, "siku", inatoa ἐφήμερος: p na h zimekutana zikawa φ. Warumi walikuwa na herufi F, ila jina Φίλιππος hawakuliandika kwa F. Waliliandika kwa P, baadaye PH.

Sasa, sauti hii ipo katika Kiswahili cha Mombasa. Mzee wa Kimvita anatofautisha paa la nyumba na p'aa wa porini, makaa ya moto (moja ni kaa) na k'aa wa baharini. Tahajia sanifu haionyeshi, lakini masikio yanajua. Ukiwa na ndugu wa huko, mwombe ayaseme maneno hayo manne taratibu huku umeweka kiganja chako mbele ya mdomo wake. Kwa paa la nyumba kiganja hakihisi kitu. Kwa p'aa unapigwa na hewa. Ukosefu wa ndugu si kizuizi: chana kikaratasi chembamba, kishike sentimita chache mbele ya midomo, useme p hadi uweze kukitikisa na kutokitikisa kwa hiari yako.

Kisha chukua jozi hii: πόνος na φόνος. PO-nos, kikaratasi kimetulia, ni "taabu, kazi ngumu". P'O-nos, kikaratasi kimeruka, ni "mauaji". Fanya vivyo hivyo kwa τείνω, "nanyoosha", na θείνω, "napiga". Usiendelee na hatua inayofuata hadi mtu mwingine, akiwa amekupa mgongo, aweze kukuambia umesema lipi.

Hatua ya 7: Pumzi ya mwanzo wa neno

Kila neno linaloanza kwa irabu lina alama. ῾ inamaanisha h. ᾿ Haimaanishi chochote. ὅρος ni HO-ros, "mpaka". Ὄρος ni O-ros, "mlima". Alama ni ndogo na taa ikiwa hafifu utaikosa, kwa hiyo chagua chapa yenye maandishi makubwa.

Hatua ya 8: Usiongeze irabu

Silabi zetu hupenda kuishia na irabu, na hamu ya kusema "logosi" badala ya LO-gos ni kubwa. Maneno mengi ya Kigiriki huishia na ν, ρ au ς. Mwachie konsonanti huyo mlango wa mwisho. Katikati ya neno jisaidie kwa maneno ya mkopo unayoyatamka kila siku: "daktari" inakupa κτ, "kapteni" inakupa πτ. ὀκτώ, "nane", ni ok-TOO.

Mwanzoni mwa neno ni vigumu zaidi. μνήμη, "kumbukumbu", ina silabi mbili, MNEE-mee. Mswahili huifanya m iwe silabi peke yake, kama kwenye "mtu", na neno linakuwa na silabi tatu. Finya m ndani ya n bila kusita. Na πάντα, "vitu vyote", igawe PAN-ta, siyo pa-nta kama tunavyogawa "panda". Hiyo n ifunge silabi ya kwanza, kwa sababu itahesabiwa kwenye ushairi.

Konsonanti ikiandikwa mara mbili, ishikilie. Mwaka 400 KK askari wa Kigiriki waliokuwa wakirudi kutoka Uajemi waliiona Bahari Nyeusi kutoka mlimani, na Xenophon aliyekuwa nao ameandika walivyopiga kelele: θάλαττα, θάλαττα, "bahari, bahari". T'A-lat-ta. Ulimi unabaki nyuma ya meno kwa muda kabla ya kuachia t, nayo t hiyo haina pumzi, tofauti na ile ya mwanzo. Neno moja, sauti tatu za kujifunza, na ni raha kulipigia kelele.

Hatua ya 9: Kiimbo

Mazoea yetu makubwa kuliko yote ni mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Yaache mlangoni. Katika Kigiriki mahali pa kiimbo panaonyeshwa kwa alama, ndani ya silabi tatu za mwisho: ἄνθρωπος, "mtu", ni AN-t'roo-pos. Irabu ya mwisho ikiwa ndefu, kiimbo hakiwezi kukaa silabi ya tatu, kwa hiyo "ya mtu" ni ἀνθρώπου, an-t'ROO-puu.

Tena haikuwa nguvu, ilikuwa muziki. Dionysios wa Halikarnassos, aliyefundisha Roma karne ya 1 KK, aliandika kwamba sauti ya mazungumzo hupanda kwa takriban toni tatu na nusu. Aliyeimba kwaya kwa sol-fa atafahamu mara moja: ni kutoka do hadi so. Alama ´ inasema panda. Alama ῀, inayokaa juu ya irabu ndefu au irabu pacha tu, inasema panda kisha shuka ndani ya silabi hiyohiyo: so-do. Alama ` huwekwa pale ambapo ´ ya silabi ya mwisho imetulizwa kwa kuwa neno jingine linafuata, usipande.

Kiswahili kimepoteza toni, lakini wasemaji wengi wa Kiswahili wana lugha nyingine nyumbani. Kinyarwanda, Kirundi na Luganda zina toni pamoja na urefu wa irabu. Wenye lugha hizo watumie sikio la mama zao. Wana mtaji ambao maprofesa wengi wa Ulaya hawana.

Athens walilichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 408 KK, katika tamthilia ya Euripides, mwigizaji Hegelokhos alipaswa kusema kwamba baada ya mawimbi anaona tena γαλήν', "shwari". Akakosea kiimbo, ikasikika γαλῆν, "kicheche". Aristophanes, mtunzi wa vichekesho, bado alikuwa akimcheka jukwaani miaka mitatu baadaye. Tamka yote mawili: ga-LEEN ikipanda, ga-LEEN ikipanda na kushuka. Irabu ileile, konsonanti zilezile.

Hatua ya 10: Mstari mzima

Chukua mstari wa kwanza wa Iliad, utenzi wa Homer:

μῆνιν ἄειδε θεὰ Πηληϊάδεω Ἀχιλῆος

MEE-nin A-ee-de t'e-aa Pee-lee-i-A-deoo a-k'i-LEE-os. "Imba, ewe mungu wa kike, ghadhabu ya Akhile mwana wa Peleo."

Kwanza usome bila kiimbo, ukipima urefu tu. Silabi ni nzito ikiwa na irabu ndefu au irabu pacha, au ikifungwa na konsonanti. Iliyobaki ni nyepesi. Gonga kwa mguu: mee-ni-na / ee-de-t'e / aa-pee / lee-i-a / deoo-a-k'i / lee-os. Nzito inachukua muda wa nyepesi mbili. Mshairi wa Kiswahili atahesabu mizani na kukuta 16, kama nane na nane zetu. Ni bahati tu: mstari unaofuata una 15, kwa kuwa wao walipima uzito, sisi tunahesabu idadi. Urefu ukishakaa, ongeza kiimbo juu yake bila kuuvuruga mguu. Itachukua muda, na ni hapa ambapo kujirekodi kwa simu kunalipa, maana ukiwa unasema huwezi kujisikia vizuri.

Kwa zoezi la pili ninapendekeza maneno ya karibu na kwetu. Karne ya 1 BK mfanyabiashara kutoka Misri, jina lake halijulikani, aliandika kwa Kigiriki safari za Bahari ya Hindi, akaeleza pwani ya Azania, yaani Afrika Mashariki, hadi bandari ya Rhapta. Kwenye kisiwa alichokiita Menouthias aliona

πλοιάρια ῥαπτὰ καὶ μονόξυλα

yaani vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, kama mitepe, na mitumbwi ya gogo moja. Ploi-A-ri-a rhap-ta kai mo-NO-ksü-la. Angalia οι iwe pigo moja, r ya ῥαπτὰ itoke na pumzi, pt isiingiliwe na irabu, alama mbili za ` zikuzuie kupanda, kisha NO ipande na ü iviringe midomo. Ukiweza kuyasema mara tatu mfululizo kwa kasi ya mazungumzo, fungua ukurasa wa kitabu chochote cha Xenophon na usome aya nzima kwa sauti kabla ya kutafuta maana ya neno hata moja.